Kitabu Kilicholala Tunduma

Iko Jumatatu moja ambayo siisahau, mwanangu, na nimeshapita Jumatatu nyingi tangu hapo. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ukungu wa Mbozi bado umekaa juu ya mibuni, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mkutubi msaidizi katika chuo kidogo cha ualimu kisicho mbali na Nanyala. Jina la chuo nitaliacha. Kosa nitakalokusimulia halikuwa la chuo, lilikuwa langu peke yangu, na sitaki kumgawia mtu.

Mimi ni Atupele, kwetu Ikinga, kule Ileje. Siku hizo huku hakujaitwa Songwe, tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya, na mtu akiwa na simu ya mkononi alikuwa anaiweka kiunoni ili watu wote waione. Usicheke. Na ninyi mna vyenu.

Maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja chenye rafu sita na dirisha moja lisilofungika vizuri. Kitabu tulichokuwa hatuna tulikiomba kwenye maktaba kubwa, kwa sababu watu wa maktaba wana desturi nzuri ya kuazimana, wewe unaniazima wangu, mimi nakuazima wako. Unajaza fomu, mkuu wa chuo anagonga mhuri, barua inakwenda posta. Wale wakikubali, wanakifunga kitabu vizuri, wanaikabidhi kampuni ya vifurushi, kinapanda basi kutoka Dar es Salaam. Ofisi ya kampuni ile kwa upande wetu ilikuwa Tunduma. Kwa hiyo kitabu kilipita hapo Nanyala mbele ya macho yetu, ndani ya basi linalokwenda kasi, kikaenda kushuka mpakani, halafu mtu wa chuo alitakiwa kupanda gari kukifuata na kukirudisha njia ileile kiliyopita. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yetu, na tuliizoea.

Kifurushi hakikutolewa kwa kila mtu. Kilitolewa kwa yule aliyeandikwa jina juu yake, au kwa mtu aliyebeba barua yenye sahihi yake. Jina lililoandikwa lilikuwa langu. Nilijisikia mtu mkubwa sana kwa jambo hilo.

Sasa nikueleze habari za Mwalimu Simbeye. Alikuwa mkufunzi wetu wa historia, hajafika hata miaka hamsini, mtu mrefu wa taratibu, akiongea unasogea karibu usikie. Alizaliwa Ivuna, huko bondeni Momba, ambako zamani akina mama walichota udongo wa chumvi, wakauchuja kwa maji, wakachemsha maji yale kwenye vyungu mpaka chumvi ibaki. Mama yake alikuwa mmoja wao. Mama huyo alifariki Mwalimu akiwa na miaka mitano. Hakukuwa na picha yake hata moja. Mwalimu aliniambia kwamba akijaribu kumkumbuka mama yake, kinachomjia ni moshi tu, na mgongo wa mtu aliyeinama. Sura haiji wala sauti haiji.

Halafu rafiki yake mmoja aliyekwenda kusoma Dar akarudi na habari. Katika maktaba ya chuo kikuu alichosoma kuna tasnifu ya zamani, andiko la utafiti la msomi aliyefika Ivuna kuwauliza akina mama wale kazi yao inafanywaje. Nyuma kabisa, baada ya sura zote, msomi yule ameandika maneno ya kila mama kama yalivyotoka mdomoni. Na mmoja wao ni Namonje, mke wa mzee Simbeye. Ndiye mama yake Mwalimu.

Siku aliponieleza hayo alikuwa amesimama mlangoni pa maktaba, mkono mmoja umeshika mlango, na miguu yake ilikuwa imevimba mpaka viatu havifungiki. Figo zilikuwa zimeanza kumsumbua mwaka uliotangulia. Kila mtu chuoni alijua, naye alijua kwamba tunajua.

"Binti," akaniambia, "unaweza kuniletea?"

"Nitakuletea, Mwalimu," nikajibu.

Mwanangu, kwa hilo nilihangaika. Sitaki ufikiri nilikuwa mvivu tangu mwanzo, maana ningekuwa mvivu ningeumia kidogo. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ikajibiwa kwamba tasnifu haitoki nje ya maktaba ile, na kuitolea kopi haiwezekani kwa sababu imezeeka na gundi imeachia. Ya tatu sikuiandika kwa lugha ya fomu. Niliandika kwamba kuna mtu mgonjwa hapa ambaye mama yake yumo ndani ya kitabu hicho, na kwamba hawezi kusafiri kuja huko. Mkutubi wa huko, ambaye sikuwahi kuonana naye, akakubali kuituma kwa wiki mbili, kwa masharti kwamba isomewe ndani ya maktaba yetu tu. Ilinichukua miezi minne. Siku ile barua ya kukubaliwa ilipofika, Mwalimu aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta, na haikuwa imechafuka.

Basi Jumatatu ile simu ya mezani ikalia ofisini, nikaitwa. Alikuwa Chanda, dada wa ofisi ya vifurushi Tunduma, mama yake alikuwa Mbemba wa upande wa pili wa mpaka, Zambia, na salamu zake zilikuwa za hukohuko.

"Mulishani, dada wa vitabu! Mzigo wako wa Dar umeshuka asubuhi hii. Njoo usaini."

"Bwino, Chanda. Nakuja."

"Leo?"

"Nakuja tu, usijali."

Sikwenda siku hiyo. Na hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo, ingawa nimeshakuwa bibi.

Chuo kilinipa ruhusa ya safari moja tu ya Tunduma kwa wiki, na siku ya kwenda nilichagua mwenyewe. Wiki ile binti wa shangazi yangu alikuwa anaolewa, na mimi ndiye niliyetwikwa jukumu la kununua vitenge vya sare kwa wanawake wote wa ukoo. Vitenge hivyo vilikuwa Nakonde, hatua chache ukishavuka mpaka, kwa mama mmoja aliyeitwa Bana Mwila. Naye alinitumia salamu kwamba robota jipya atalifungua Ijumaa. Nikienda Jumanne kuchukua kitabu, ruhusa yangu imekwisha, na vitenge nitavifuata lini? Nikajipigia hesabu yangu ya kitoto. Mwalimu amesubiri miezi minne. Akisubiri mpaka Ijumaa atapungukiwa na nini?

Jumanne saa nne akaja. Alikuwa anatembea kwa fimbo, na kutoka nyumba za walimu mpaka maktaba alipumzika mara mbili, nilimwona dirishani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Vipi, wageni wetu wa Dar wamefika?"

Kinywa changu kikafunguka chenyewe. "Bado, Mwalimu. Hakijafika."

Ningeweza kumwambia kimefika lakini kiko Tunduma, nitakifuata Ijumaa. Ni maneno mafupi. Lakini angeniuliza kwa nini Ijumaa, na ningesemaje? Kwa sababu ya vitenge? Hakijafika ilikuwa rahisi. Neno hilo linamaliza maneno, linamtupia lawama mtu aliye mbali, labda dereva, labda Dar, na wewe unabaki msafi. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema, "Haya, barabara ni ndefu," akageuka. Alinionea huruma mimi kwa kusubiri!

Jumatano akamtuma mkewe, Mama Neema, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa Momba mwenye macho yanayokutazama bila haraka. Nikamwambia vilevile. Nikaongeza na chumvi, nikasema nimepiga simu nikaambiwa mabasi yamechelewa. Angalia uongo unavyokua, mwanangu. Jumanne ulikuwa neno moja, Jumatano una mabasi.

Mama Neema akasema, "Kikifika tuambie hata kama ni usiku. Hali yake si nzuri."

"Nitawaambia, mama."

Alhamisi asubuhi gari la chuo lilisimama mbele ya maktaba, injini inanguruma. Mwalimu alikuwa amelazwa kiti cha nyuma, amefunikwa blanketi, uso umevimba mpaka macho yamekuwa madogo. Walikuwa wanampeleka hospitali Mbeya. Yeye ndiye aliyeomba gari lisimame. Nikatoka mbio mpaka dirishani.

"Binti, hakijaja?"

Nilikuwa na nafasi bado. Ningesema pale pale, kiko Tunduma. Lakini ningesemaje mbele ya mkewe niliyemdanganya jana yake kuhusu mabasi? Nikaogopa uso wa Mama Neema kuliko nilivyomhurumia yule mgonjwa. Huo ndio ukweli wenyewe, naukiri.

"Bado, Mwalimu. Nadhani kesho."

"Basi nikirudi nitakikuta," akasema. "Usimpe mtu mwingine asome kabla yangu." Akajaribu kucheka. Gari likaondoka.

Ijumaa nikaenda Tunduma. Foleni ya malori ilikuwa imefika mbali, vumbi, watu wa kubadilisha kwacha wananiita kila upande. Nikaanzia Nakonde. Ndiyo, nilianzia kwenye vitenge, ili nisikose rangi nzuri. Vilikuwa vya bluu na njano, na nilivipenda. Halafu ndipo nikapita ofisi ya vifurushi. Chanda akanitolea kifurushi, akasema, "Dada, huyu ameshakuwa mpangaji hapa, tangu Jumatatu analala na mimi." Tukacheka wote wawili. Nikasaini.

Nilirudi chuoni saa kumi hivi za alasiri. Niliposhuka niliona watu wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba ya Mwalimu Simbeye, na wanawake wamejifunga khanga kiunoni. Sikumwuliza mtu. Nilisimama barabarani na vitenge kwenye bega moja na kifurushi kifuani, nikashindwa kwenda mbele na nikashindwa kurudi nyuma. Alikuwa amefariki saa sita mchana. Saa sita mchana mimi nilikuwa Nakonde nachagua rangi.

Nikakifungia kifurushi kabatini, nikaenda msibani na kulia kama wengine. Watu waliniona nalia sana, wakasema Atupele ana moyo mzuri. Maneno hayo yalinichoma kuliko tusi lolote. Tukamsindikiza Mwalimu mpaka kwao Ivuna, tukamzika. Harusi ya binti wa shangazi sikwenda. Vitenge nilivituma, changu nikamgawia mtu.

Siku zilipokwisha za msiba, Mama Neema alirudi chuoni kukusanya vyombo vya nyumba. Wiki mbili za kuazimwa kitabu zilikuwa zinakaribia kwisha. Nikawaza, masharti yanasema kisitoke maktaba, lakini huyu mama ana haki ya kukiona. Nikakibeba kikiwa bado kwenye bahasha yake nene kama kilivyotoka Dar, nikaenda kwake alasiri moja. Sikuwa nimekifungua. Mwalimu alikuwa ameniagiza nisimpe mtu mwingine asome kabla yake.

Nilimkuta amekaa kwenye sanduku lililofungwa kamba, watoto wako nje. Nikamsalimia, nikapiga magoti, nikampa. "Mama, hiki ndicho Mwalimu alichokuwa anakisubiri."

Akakipokea kwa mikono miwili. Hakukifungua. Mwalimu wa shule ya msingi husoma kila kilichoandikwa, mwanangu, na yeye alianza na ile karatasi ya kampuni iliyobandikwa juu ya bahasha. Nilimwona midomo yake ikisogea. Kilitumwa lini. Kilipanda gari gani. Halafu mhuri wa Tunduma, kimepokelewa Jumatatu. Kidole chake kikasimama pale juu ya tarehe, kikabaki pale.

Mimi nilikuwa sijawahi hata kuitazama karatasi ile.

"Atupele," akasema. Hakunyanyua sauti. "Hiki kilifika Jumatatu?"

"Ndiyo, mama."

"Na Jumanne alipokuja?"

"Kilikuwa Tunduma, mama."

"Na mimi Jumatano?"

Nikaanza kulia, nikaanza kueleza habari ya ruhusa, safari moja kwa wiki, vitenge, shangazi. Aliniacha nieleze mpaka maneno yakaniishia. Halafu akasema maneno ambayo ningependa wewe uyasikie kama nilivyoyasikia.

"Kwenda au kutokwenda sikulaumu. Kazi zina taratibu zake. Lakini mdogo wangu anauza saruji pale Tunduma, karibu na stendi. Ungetuambia tu kimefika, huna nafasi ya kukifuata. Ungemwandikia barua yenye sahihi yako, tungeituma kwa basi, angekichukua, angekileta jioni ileile. Mwenzangu angekisoma Jumanne, Jumatano yote, na Alhamisi tungekipakia garini. Hukutunyima kitabu peke yake, mwanangu. Ulitunyima nafasi ya kujisaidia."

Nikasema, "Nisamehe, mama."

Akasema, "Nimesikia."

Akafungua bahasha taratibu bila kuichana, akatoa lile jalada la kijani lililochakaa, akaenda moja kwa moja kurasa za nyuma. Maneno ya akina mama yaliandikwa kwa Kinamwanga, na chini yake Kiswahili. Akamtafuta Namonje, akampata. Alisoma kwa Kinamwanga, kwa sauti ndogo, na mimi nilikuwa sielewi kitu, Kindali changu cha Ileje hakifiki huko. Alipofika mahali fulani akaacha kusoma. Akanigeuzia kitabu, akanionyesha mstari wa Kiswahili.

Msomi alikuwa ameuliza, unajuaje kwamba chumvi imeiva? Na Namonje amejibu: "Ananiambia huyu mwanangu mdogo. Nampa kidole alambe. Akikunja uso na kucheka, najua imekaa sawa. Watu wazima hawanidanganyi ila wananipendezesha, wanasema ninachotaka kusikia. Huyu hajui kunipendezesha."

Mtoto huyo ndiye aliyekuwa kiti cha nyuma cha gari, akiniuliza kama hakijaja.

Nikaomba niwanakilie watoto kurasa zile kwa mkono. Mama Neema akakubali. Nilikaa pale kwenye mkeka mpaka jua linakaribia kuzama, nikaandika Kinamwanga nisichokijua herufi kwa herufi, naye akisahihisha. Nilipomaliza akakifunga kitabu, akakirudisha kwenye bahasha, akanikabidhi.

"Kirudishe kwa wenyewe," akasema. "Na huko usiwacheleweshe."

Kesho yake asubuhi nilipanda gari la kwanza kwenda Tunduma, bila ruhusa ya mtu. Kikarudi kwa siku yake. Mama Neema alihamia Momba na watoto. Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, sokoni Mlowo, msimu wa kuuza mahindi. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, akaniaga. Neno nililokuwa nalisubiri, kwamba amenisamehe, hakulisema, na haikuwa kazi yangu kumlazimisha. Amekwisha kufariki naye. Kosa hili nitakwenda nalo kaburini.

Nimefanya kazi ya maktaba miaka mingi baada ya hapo, nimepokea vifurushi visivyo na idadi, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kuniita mkutubi hodari. Lakini hakuna mtu aliyeniuliza kitu chake kiko wapi nikamwambia mahali ambapo hakipo.

Sasa nisikilize, wewe uliyeanza kazi juzi, na wewe unayeandika kwenye simu kwamba uko njiani na bado umejifunika shuka. Mtu akikuuliza kitu chake kiko wapi, mwambie kilipo. Kama kiko mezani kwako na hujakigusa, sema hujakigusa. Kama kiko Tunduma na wewe una mambo yako, sema una mambo yako, akukasirikie. Hasira yake utaivumilia, inapita. Ukimwambia hakijafika, umemfunga mikono naye hajui kama amefungwa. Atakaa kitako kwa adabu akisubiri, akikuamini, na wewe hujui amebakiwa na siku ngapi. Mimi sikujua. Nilidhani wote tuna Ijumaa.

Na ukishasema uongo mdogo, uufute siku hiyohiyo, kabla haujazaa mabasi. Aibu ya Jumatano ni ndogo kuliko ya Alhamisi. Nilizihesabu zote, nakuambia kwa uzoefu.

Nimemaliza, mwanangu. Mungu akupe ujasiri wa kusema ukweli unaokuaibisha. Akupe kazi yenye heshima na watu wa kukuamini, na akulinde usiwachoshe. Na wale wanaokusubiri, popote walipo, akujalie uwafikie wangali hai.